Alamu ya DSC PC1832: paneli imara, ila ulizia namba ya fundi kabla hujalipa

Nyumba tuliyonunua Salasala ilikuja na alamu ya wezi tayari ukutani. Paneli ni DSC PC1832, imefungiwa kwenye boksi la bati ndani ya stoo. Kando ya mlango wa mbele kuna kibao cha namba aina ya PK5500, kile chenye kioo cha maandishi. Sebuleni, jikoni na koridoni kuna sensa za mwendo, milango yote ina sumaku, na king'ora kiko juu barazani. Nimeishi nayo masika na kiangazi, umeme ukiwepo na usipokuwepo, na nimeshafunguliwa boksi lake nikaona kila waya unakokwenda. Naandika kwa anayefikiria kununua alamu ya namna hii, na zaidi kwa yule ambaye anayo tayari lakini hajawahi kuuliza ni nani mwingine anaweza kuingia kwenye mipangilio yake.

Nianze na paneli yenyewe, maana inastahili sifa. DSC ni kampuni ya Kanada iliyoanza mwaka 1979, na siku hizi iko chini ya Johnson Controls. Wana kizazi kipya kinachoitwa PowerSeries Neo, lakini hii ya zamani bado imejaa kwenye nyumba za Dar na mafundi wanaifahamu. Inakuja na zoni 8, yaani njia za sensa ambazo paneli inaitambua kila moja peke yake, ukiongeza vifaa inafika 32, na unaweza kuigawa sehemu 4. Sisi tumegawa mbili tu: nyumba kubwa, na banda la nyuma ambalo mume wangu anatunzia vifaa vyake vya kazi. Usiku banda linategwa peke yake huku sisi bado tunazunguka ndani. Kiwandani wameipa sekunde 120 za kutoka baada ya kuitega na sekunde 30 za kuitegua ukishafungua mlango. Muda huo unabadilishwa. Mama mkwe anapokuja kukaa nasi tunaongeza ule wa kuingia, kwani miguu inamsumbua na hatutaki king'ora kimkurupushe mlangoni.

Umeme ukikatika, na huku unakatika, betri ya volti 12 iliyomo ndani ya boksi inapokea kazi papo hapo. Kuna taa ndogo ya njano inayowaka kama kuna hitilafu, unabonyeza nyota kisha 2 na kioo kinakwambia tatizo ni umeme, betri au laini ya simu. Ni kitu kidogo, lakini kwa mtu asiye fundi kinaondoa kubahatisha.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Alamu kama hii ina namba za siri za ngazi mbili. Ya kwanza ni ya mwenye nyumba, namba kuu, ambayo inatega na kutegua, na inaweza kuwapa watoto au dada wa kazi namba zao. Ya pili ni namba ya fundi. Hiyo haitegi wala haitegui. Inafungua mipangilio: zoni gani inafanya kazi na ipi imezimwa, king'ora kilie dakika ngapi, taarifa itumwe wapi, namba kuu iwe ipi. Watu wengi niliozungumza nao mtaani kwetu hawakujua kuwa namba ya pili ipo. Wanailinda ile ya kwanza kwa wivu, wanawaficha hadi ndugu, huku ya pili iko mikononi mwa watu wasiowajua hata kwa sura.

Kwenye DSC namba ya fundi inayotoka kiwandani ni 5555, na namba kuu ni 1234. Sitoboi siri yoyote hapa, zimechapishwa kwenye kitabu cha maelekezo ambacho yeyote anakipata mtandaoni, na watengenezaji wengine nao wana zao, nazo zimechapishwa vilevile. Zimewekwa ili fundi aanzie kazi. Kosa linaingia pale fundi anapomaliza, anakabidhi, anakunja ngazi yake na kuondoka bila kuibadilisha.

Kuna faraja moja. Paneli hii haimruhusu mtu kuingia kwenye mipangilio ikiwa imetegwa, kwa hiyo mwizi wa saa nane usiku hawezi kusimama mbele ya kibao akabonyeza namba ya fundi akaingia. Hatari yake ni ya mchana. Mchana alamu imeteguliwa, watu wanaingia na kutoka: anayeleta gesi, anayepima mapazia, fundi bomba, kijana wa king'amuzi. Mtu akiachwa mlangoni peke yake kwa muda mfupi na anajua anachofanya, anaweza kuizima zoni ya dirisha la jikoni au kuipata namba kuu, kisha akaaga kwa heshima zote. Usiku mtaitega kama kawaida, kibao kitalia kama kawaida, nanyi mtalala mkijua mko salama.

Ndiyo sababu nilianza kuuliza namba yetu ni ipi. Mwenye nyumba wa zamani alitukabidhi namba kuu pamoja na funguo, kwa ustaarabu kabisa, akasema ya fundi hajawahi kupewa. Nikaipigia kampuni ya ulinzi iliyoifunga, ambayo jina lake halina haja hapa. Dada aliyepokea simu alikuwa na adabu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Mama, hiyo namba ni mali ya kampuni. Mteja hapewi."

Nikamwambia sitaki huduma yao ya doria, tumepata kampuni nyingine iliyo karibu zaidi na kwetu, nataka tu waifungue paneli ili hao wapya waiunganishe. Akaniunganisha na msimamizi. Yeye akanipa njia mbili: tusaini mkataba nao, au tununue paneli nyingine kwa hao tunaowataka. Paneli ililipiwa na aliyetuuzia nyumba na stakabadhi ninayo. Nilimsomea hata namba ya stakabadhi. Hakubadili jibu.

Nimejitahidi kuelewa upande wao, kwa sababu hoja wanayo. Mteja akiwa na namba ya fundi anaweza kuvuruga mipangilio kwa kudadisi tu, zoni ikafutika, mwizi akaingia, kisha kampuni ikashtakiwa kwa kushindwa kazi. Pia anaweza kuharibu njia ya kutuma taarifa, gari la doria likawa linakimbizwa bure kila siku. Haya ni ya kweli. Lakini mimi ni mhasibu, na ofisini tuna sefu. Mtunza fedha akiacha kazi, namba ya sefu inabadilishwa siku hiyohiyo, na ile mpya inawekwa kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri na kusainiwa na watu wawili. Hakuna anayedhani kuwa tunamtukana aliyeondoka. Kampuni ya ulinzi ina mafundi wanaoajiriwa na kuacha kila mara, na kwa jinsi nilivyokuja kuelezwa na zaidi ya fundi mmoja, ni kawaida kutumia namba moja kwa wateja wote, ili yeyote atakayetumwa kwa mteja asihangaike. Maana yake kijana aliyeacha kazi mwaka juzi kwa ugomvi wa mshahara ameondoka na funguo za ndani za kila nyumba aliyowahi kuhudumia. Akiwa mwaminifu, Mungu ambariki. Ila usalama wa watoto wangu hauwezi kutegemea hilo.

Basi tukatafuta fundi wa kujitegemea. Tulielekezwa kwa mmoja ambaye duka lake liko Kariakoo, anauza kamera na vifaa vya alamu, na huyo ndiye ninayetaka kumsifu. Kabla ya kugusa chochote aliomba kuona hati ya mauziano ya nyumba na kitambulisho changu. Alisema, "Usinielewe vibaya dada, ninachokuja kukifanya hapa ndicho ambacho mwizi angependa nimfanyie." Nilimpenda hapohapo. Fundi asiyekuuliza swali hilo usimruhusu apande ngazi.

Kwanza alijaribu namba ya kiwandani mbele yangu. Ilikataa, na kwa kweli nilishukuru. Kisha akaifungua stoo, akafungua boksi, akachomoa transfoma, akatoa waya wa betri, vyote vikazimika. Akarudisha umeme huku ameinamisha sikio karibu na bodi, akaniashiria ninyamaze. Alikuwa anasikiliza rilei ya laini ya simu, ile swichi ndogo ya umeme iliyo kwenye bodi. Kama kampuni imeweka, ndani ya mipangilio, kile kifungo kinachozuia paneli isirudishwe kwenye hali ya kiwandani, rilei hiyo hugongagonga mfululizo paneli inapowaka, tik tik tik tik, na hapo bila namba yenyewe hakuna ujanja, ni kununua bodi nyingine. Ilikaa kimya. Akatabasamu, akasema tunaweza kuendelea.

Nataka mnunuzi aelewe hapa. Kifungo hicho kimewekwa na mtengenezaji kwa nia nzuri, ili anayeiba paneli au kulifikia boksi asiweze kuifuta na kuanza upya. Kikitumiwa na mwenye mali ni kinga. Kikitumiwa na kampuni dhidi ya mteja aliyekwisha lipa, ni kumfunga mtu kamba ndani ya nyumba yake. Kwa hiyo siku ya kufungiwa alamu uliza maswali mawili: namba ya fundi ni ipi, na kifungo cha kuzuia kurudisha kiwandani kimewashwa au hapana. Majibu yaandikwe kwenye stakabadhi.

Kurudisha paneli kwenye hali ya kiwandani kunafuta kila kitu, kwa hiyo kabla ya hapo fundi alikagua nyaya moja baada ya nyingine na kubandika vipande vya tepu vyenye maandishi: jikoni, koridoni, banda. Katika kukagua huko ndipo alipogundua jambo ambalo kwangu ni baya kuliko hata hiyo namba.

Kila zoni ya DSC huwa na rezista ndogo ya omu 5,600, yenye mistari ya kijani, bluu na nyekundu. Kazi yake ni kuiwezesha paneli kujua kama waya uko mzima. Inatakiwa ikae mwisho wa waya, kule ndani ya sensa. Mtu akiuchuna waya njiani akaunganisha nyuzi zake mbili, paneli inaona ukinzani umetoweka na inajua kumekucha. Zetu zote zilikuwa zimepachikwa ndani ya boksi lenyewe, stoo, zimejipanga kwenye skrubu za bodi kama zilivyotoka dukani. Aliyefunga alijiokolea kazi ya kupanda ngazi kwenye kila sensa. Matokeo yake, waya wowote ungeunganishwa huko darini, paneli ingeendelea kuamini kwamba dirisha limefungwa na koridoni hakuna mtu. Fundi alinionyesha kwa vitendo: akaunganisha nyuzi za zoni ya banda kwa koleo, mimi nikafungua mlango wa banda wazi kabisa, kioo kikabaki kinasema mfumo uko tayari.

Nilisimama pale mlangoni na sikuwa na neno. Watu walilipa fedha nzuri kwa kazi ile, na walilipa kila mwezi kulindwa na watu wale wale walioifanya.

Alizihamisha zote. Ilimchukua karibu siku nzima, kwa kuwa sensa ya koridoni iko juu na dari yetu ni ya mbao. Baada ya hapo alirudia lile jaribio la koleo kwenye kila zoni, na kila mara kibao kililalamika. Kazi ya namna hiyo haionekani kwa macho, ndiyo maana ni rahisi kuichakachua. Ukifungiwa alamu, mwambie fundi akufungulie kifuniko cha sensa moja, yoyote utakayoichagua wewe. Ukikuta rezista yenye mistari hiyo ndani yake, una mtu wa kazi.

Kwenye mipangilio tulifanya haya. Namba zote tulizifanya ziwe na tarakimu 6 badala ya 4, maana tarakimu nne zinakupa uwezekano 10,000 na sita zinakupa 1,000,000. Tuliwasha kipengele cha kukifunga kibao kwa muda mtu akikosea namba mara kadhaa mfululizo. Tulikikuta hakijawashwa, yaani mtu angeweza kubahatisha mpaka achoke. Namba ya kuingilia kwa mbali kwa kompyuta nayo ilibadilishwa, hiyo husahaulika na wengi. Halafu kulikuwa na vitufe vyenyewe. Vitufe vya 2, 5, 8 na 0 vilikuwa vimefifia maandishi kwa kubonyezwa, safu nzima ya katikati kutoka juu hadi chini. Namba ya tarakimu nne ambayo vitufe vyake vinajulikana ina mipangilio 24 tu ya kujaribu, na hiyo ya kushuka moja kwa moja ndiyo mtu yeyote angeianza. Fundi alibadilisha raba ya vitufe kwa kutumia ya kibao chakavu alichokuwa nacho dukani, na sasa tunabadilisha namba kila baada ya muda ili visichakae upande mmoja.

Jambo moja lililonifurahisha sana: kioo cha PK5500 kinakubali majina ya zoni yaandikwe upya. Zamani kilikuwa kinasema "Zone 3" na hakuna aliyekumbuka namba tatu ni wapi. Sasa kinaandika DIRISHA STOO, MLANGO JIKONI, BANDA. King'ora kikilia usiku, binti yangu wa darasa la sita anasoma na kusema ni wapi. Kwa familia hilo lina thamani kubwa, na linachukua dakika chache kwa fundi aliye tayari.

Malipo yalikuwa shilingi 120,000 za ufundi na 45,000 za betri mpya ya saa-ampea 7, kwani ya zamani ilishindwa kushika chaji alipoipima kwa testa. Ni chini sana ya bei ya paneli mpya.

Kampuni mpya ya doria ilikubali sharti langu bila kelele: namba ya fundi imeandikwa kwenye karatasi, imo ndani ya bahasha mbili zilizosainiwa juu ya gundi, moja kwao na moja kwangu. Akija fundi wao anafungua mbele yetu, akimaliza namba inabadilishwa, bahasha mpya zinasainiwa. Kisanduku cha redio chenye antena, kinachowapelekea taarifa za alamu, ni mali yao, mkataba unasema hivyo na siku tukiachana watakichukua. Paneli ni yangu. Ukisaini mkataba wako hakikisha mstari huo unasomeka wazi, kwa sababu ugomvi wote wa kampuni ya kwanza ulitokana na kuchanganya hivyo vitu viwili.

Wenzetu wa Ulaya wana viwango vya alamu vinavyoitwa EN 50131, na kimoja kati ya vinavyodaiwa humo ni kwamba fundi hapati kuingia kwenye mipangilio mpaka mwenye nyumba amruhusu kwa namba yake mwenyewe. Namba mbili, watu wawili. Uingereza nao, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria yao inakataza vifaa vya nyumbani vinavyounganishwa kwenye mtandao kuuzwa vikiwa na nywila moja inayofanana kwa kila kifaa. Sisi hapa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ningependa sana kuona kampuni za ulinzi zinakumbushwa kwamba orodha ya namba za siri na ramani za zoni za nyumba za watu ni taarifa nyeti kuliko namba ya simu.

Kasoro za paneli yenyewe? Inategemea waya, kwa hiyo kwenye nyumba iliyokwisha pigwa rangi utapasua ukuta au utapitisha mabomba ya plastiki yanayoonekana. Kioo cha kibao kina mwanga wa kijani unaosumbua kama chumba cha kulala kiko karibu, ingawa unapunguzwa. Kibao chetu pia kiliwekwa mahali ambapo mtu aliye nje ya dirisha la sebule anaona taa kama imetegwa au la. Hilo ni la aliyekifunga, na tutakihamishia upande wa pili wa ukuta.

Kwa anayenunua sasa: kwa nyumba ya vyumba vitatu usikubali kuuziwa PC1864 ya zoni 64 kwa sababu tu ndiyo iliyopo dukani. PC1616 inafika zoni 16 na inatosha, na fedha utakayookoa iweke kwenye sensa nzuri na waya wa shaba halisi. Mwambie muuzaji afungue boksi, soma namba ya modeli iliyoandikwa kwenye bodi yenyewe, usitegemee karatasi iliyobandikwa nje. Kisha mtake fundi aingize namba yako ya fundi, uliyoichagua wewe, akiwa bado hajapokea malipo ya mwisho.